Nia Kabla ya Sindano

Mlinipa saa ya ukutani siku ya kuniaga, nami nawashukuru, ingawa sijaelewa mtu asiye na zamu anaihitaji ya nini. Nimeitundika sebuleni. Inakwenda mbele dakika saba na mimi naiacha iende. Mliniomba pia niandike niliyoyaona kazini, hasa ile kazi ya chumba cha chini, kwa sababu wengi wenu mmeikuta imekwisha kuwa kawaida. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vyote vilichelewa.

Siku yangu ya kwanza nilishuka gatini Lamu kutoka Mokowe nikiwa na viatu vya kisigino, mama yangu alivyoninunulia kule Kitui ili mwanawe asionekane mshamba ugenini. Ngazi za gati zilikuwa na utelezi wa mwani, kisigino kimoja kikabaki pale pale. Niliripoti hospitalini nikichechemea. Mtu wa kwanza kuniona alinikalisha kwenye benchi la wagonjwa, akachukua kalamu na kuniuliza nimeumia lini. Huyo alikuwa Bwana Shee, na ndiye aliyenifundisha kazi.

Bwana Shee alikuwa muuguzi wa usingizi kule thieta, yaani ndiye aliyewalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Mtu wa Pate, mwembamba, msemaji wa polepole, mwenye mikono iliyonukia sabuni saa zote. Alinipa kazi ya kumsaidia, na siku ile ile akainua kichupa cha ketamini kwenye mwanga wa dirisha.

"Waiona hii?" akaniuliza. "Hii hailazi mtu. Yamhamisha. Mwili wabaki kwetu, mwenyewe enda zake. Kazi yako ni kumuuliza enda wapi kabla hajaondoka."

Nilidhani ananitania kwa kuwa mimi ni mgeni wa bara. Kumbe hakuwa na utani hata kidogo. Kabla ya kila sindano aliinama sikioni mwa mgonjwa na kumwambia, "Tia nia." Watu wa huku hutia nia kabla ya kuswali na kabla ya kufunga, basi yeye aliona ni jambo la kawaida kutia nia kabla ya ketamini. Nuia pahali unapopapenda. Nuia mtu unayetaka kuwa naye. Asipoona mgonjwa ameitikia kwa kichwa, hachomi. Daktari wa upasuaji atakohoa nyuma ya barakoa, atatazama saa, na Bwana Shee atamwambia, "Ngoja kidogo, daktari, bado yuafunga mzigo."

Nami nikaanza kuona tofauti. Waliotia nia walirudi taratibu, wengine wanatabasamu. Walioletwa kwa dharura, wakachomwa katikati ya vilio, walirudi wakipigana. Mzee mmoja wa Kiwayu aliniambia alikuwa juu ya dari wakati wote akitutazama, na kwamba upara wa daktari una alama ya kuungua. Mpishi wa hoteli moja ya Ras Kitau aliimba orodha nzima ya vyakula, kuanzia supu hadi matunda. Mama mmoja alilia sana tulipomwamsha, akatuuliza tumemrudisha kwa ruhusa ya nani.

"Hawa wote wameona kitu," Bwana Shee alikuwa akisema tukiosha vyombo. "Sisi twawashona tumbo, twawapeleka kwao. Walichokiona, hakuna awaulizaye."

Alistaafu, akarudi Pate kulima tumbaku, na baada ya miaka kadhaa tukasikia amefariki. Nilikwenda kuzika, nikakaa nje na wageni. Kumbukeni hilo la kukaa nje, nitalirudia.

Baadaye nikasomea uuguzi wa akili. Niliporudi nilipewa meza moja, kabati moja na visiwa vyote. Miaka mingi kazi ilikuwa vidonge, sindano za kila mwezi, na kuzunguka majumbani kuwabembeleza watu wasiache dawa. Nilijifunza kunywa kahawa ya tangawizi nyumba saba kwa asubuhi moja na bado nikafika ya nane nikasema asante. Wagonjwa wengi walipata nafuu. Lakini walikuwapo wale ambao vidonge viliwapitia tu. Unambadilishia dawa, unamwongezea, unampunguzia, na kila ukija yuko pale pale ulipomwacha, anautazama ukuta. Hao ndio waliokuwa wakinikosesha raha, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumaliza yote yaliyokuwa kwenye kabati.

Ndipo alipokuja Daktari Wanja. Wengine wenu mnamjua. Wakati huo alikuwa kijana mbichi, kafika na begi la mgongoni, akanieleza kwamba kuna dawa za maono ambazo madaktari wa akili wameanza kuzitumia pamoja na tiba ya mazungumzo, na kwamba nyingi hazijaruhusiwa kwetu, ila moja tunayo tangu zamani. Nikamuuliza ni ipi.

"Ketamini," akasema.

Jamani, nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia, mwanangu, hiyo nimeibeba kwenye trei kabla hujazaliwa. Hakukasirika. Akaendelea kunieleza kwamba kabla ya sindano mgonjwa husaidiwa kujua anakwenda kutafuta nini, na baada ya sindano watu hukaa naye siku nyingi wakizungumza juu ya alichokiona. Hapo nikaacha kucheka, maana nilimsikia Bwana Shee. Nilimhadithia habari za nia, na yeye akatoa daftari akaandika.

Alikuwa mkali kwa mambo yake, na ninyi muwe wakali hivyo hivyo. Mwenye presha ya juu hapewi mpaka presha itulie. Anayesikia sauti zisizokuwapo hapewi kabisa. Mgonjwa haji akiwa amekula wala kunywa. Mashine ya presha mkononi, kidude cha kupima oksijeni kwenye kidole, ndoo ya matapishi karibu, daktari chumbani tangu mwanzo hadi mwisho. Dozi ni ndogo kuliko ya thieta, mtu hapotei kabisa, ila huondoka kiasi. Safari yenyewe haifiki saa moja. Mazungumzo huchukua miezi, na huko ndiko kazi iliko.

Tulipata chumba cha chini cha kliniki, kule mtaa wa Mkomani, kilichokuwa ghala. Kuta za mawe ya matumbawe, nene hata mlio wa punda unafika umepoa. Dirisha moja dogo juu. Tuliwaleta wagonjwa kati ya adhuhuri na alasiri, saa ambazo mji mzima umejinyoosha na kinachosikika ni mchi wa mtu mmoja anayetwanga bizari nyumba ya nne au ya tano. Ukikaa mle ndani kwa saa hiyo, hata wewe usiyechomwa sindano unaanza kuelea. Mara nyingi nilijikuta sijui kama nimekaa dakika kumi au nimekaa tangu mwaka jana.

Watu walinong'ona, bila shaka. Nilikwenda mwenyewe kwa maalimu mmoja jirani kumuuliza kama dawa hii itahesabiwa kileo. Akaniuliza kama wanaopasuliwa hupewa. Nikasema ndiyo. Akasema hakuona swali liko wapi, kisha akaniuliza kama ninayo dawa ya magoti.

Kitu kilichonishinda mimi kilikuwa kimya. Daktari Wanja alitukataza kusema wakati mgonjwa yuko safarini. Hata "pole" alikataza. Sasa nitazame mimi! Nimezaliwa Kitui, nikakulia katika watu ambao mtu akijikwaa ng'ambo ya barabara mnampa pole watu sita. Pole ndiyo pumzi yangu. Katika mazoezi nilimwambia pole mgonjwa wa kuigiza mara tisa. Daktari alizihesabu.

Naja kwa Bi Khadija.

Bi Khadija alikuwa mwokaji wa mkate wa mofa, mjane, mwenye mtoto mmoja, Maryam. Maryam alifariki baada ya kupasuliwa katika kujifungua. Mtoto aliokolewa, wa kike, akaitwa Amina. Tangu siku ile Bi Khadija alilala kwenye kitanda chake akaugeukia ukuta. Alikuwa akila kijiko kwa kijiko kwa kulazimishwa. Amina alilelewa na wifi wa Bi Khadija, Bi Rukia, aliyekaa nyumba ya pili na aliyekuwa na watoto wake watano. Amina alipofikisha mwaka na nusu, Bi Khadija alikuwa hajampakata hata mara moja. Wakimletea alifumba macho.

Bi Rukia ndiye aliyekuja kwangu, kafunika uso kwa buibui ili asilie mbele ya watu.

"Sista, baba wa mtoto atoka Mombasa baada ya Idi," akaniambia. "Asema hana ugomvi, lakini mwana hawezi kulelewa kwa zamu. Kama nyanyake hainuki, amchukua. Na akimchukua Amina, Khadija hatumuoni mwaka mwingine. Nakwambia ukweli."

Vidonge vyote vilikuwa vimekwisha kujaribiwa, na mimi ndiye niliyevipeleka. Daktari Wanja alimpima, akamweleza kila kitu mara mbili, akampa wiki nzima ya kufikiri. Bi Khadija alikubali kwa kuinamisha kichwa. Tulipomuuliza nia yake, alisema maneno mawili tu: "Nimuone mwanangu."

Nilikiandaa chumba kwa mikono yangu. Nilitaka kipendeze. Nilitandika mashuka meupe mapya niliyoyaweka kabatini pamoja na vidonge vya kafuri, kwa sababu ya mende na ile harufu ya unyevu wa kuta. Nilimlaza, nikamfunika hadi kifuani, nikamfunga kitambaa cha macho. Daktari akachoma. Dakika chache zikapita, pumzi yake ikawa ndefu, vidole vikalegea. Kisha uso ukakunjamana. Akaanza kutupa kichwa huku na huku, akalivuta shuka na kulisukuma, akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena.

Nami nikasahau mafunzo yote. Nikamshika, nikasema, "Pole, mama, pole, tulia, pole."

Akapiga ukelele, akararua kitambaa cha macho. Ilituchukua muda mrefu kumtuliza. Alipoweza kusimama aliomba buibui lake, akaondoka na Bi Rukia bila kunitazama. Siku ya mazungumzo hakuja. Wiki iliyofuata hakuja. Idi ilikuwa imebaki wiki saba.

Daktari Wanja hakunilaumu. Alisema tu, "Sista, nenda kwake. Usimwombe arudi. Mwombe msamaha, halafu nyamaza."

Nilikwenda asubuhi, nikapiga hodi, Bi Rukia akanifungulia. Bi Khadija alikuwa amekaa kitandani, si kulala. Hilo peke yake lilikuwa jipya. Nikakaa juu ya mkeka, nikamwambia, "Bi Khadija, nimekukosea na sijui nimekukosea kwa lipi. Naomba radhi." Kisha nikanyamaza. Wallahi, hata mimi Mkristo naapa, ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

"Kafuri," akasema hatimaye.

Sikuelewa. Akaniuliza, "Miaka yote umekaa Lamu, wewe hujui kafuri?"

Akanieleza. Maiti akioshwa, maji ya mwisho hutiwa kafuri. Yeye alimwosha Maryam mwenyewe, kama inavyompasa mama. Harufu ile ilimganda puani. Na mimi nikamlaza chali, nikamfunika shuka jeupe lenye kafuri, nikamfumba macho. Mimi, niliyehudhuria mazishi ya visiwa hivi kwa karibu miaka thelathini, nikiwa nimekaa nje na wageni, nikila wali wa matanga na kuamini kwamba nawajua watu hawa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Lakini si kafuri tu," akaendelea, na sasa alikuwa akizungumza na mikono yake. "Ni mai. Nilimmwagia mai, ndoo kwa ndoo. Mai mangi. Na siku yake ya mwisho alinililia kikombe kimoja, 'Mama, mai, mama, mai,' na mimi nikamnyima. Wamesema wampeleka thieta, asinwe. Nikamnyima. Hakuamka. Amekufa na kiu yangu."

Bi Rukia alikuwa mlangoni. Aliniambia baadaye kwamba hayo hakuyajua. Hakuna aliyeyajua.

Nilikaa kimya. Moyo ulinipasuka, nikakaa kimya.

Alirudi mwenyewe. Safari hii sikutandika kitu changu. Alileta leso zake mbili, moja ya kulalia, moja ya kujifunika, zenye harufu ya moshi wa tanuri, ingawa tanuri lilikuwa limelala siku nyingi. Tulimuuliza nia. Akafikiri, akasema, "Nimpe mai."

Ilikuwa siku ya joto, mji umezimika kabisa. Daktari akachoma. Mimi nilikaa upande wa miguu, nimeng'ata ulimi. Mchi ulikuwa ukitwanga mahali. Mstari wa jua ulishuka ukutani polepole sana, ukapita kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani, ukafika kwenye mguu wa kitanda, na nikawa naufuata kwa macho kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Sijui ulikuwa muda gani. Pumzi yake ilikwenda na kurudi, na yangu ikaifuata bila kuniomba ruhusa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu wa chumba cha pili, "Mai yameingia ndani."

Hakuogopa. Baada ya kitambo akasema, "Yamefika dirishani." Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani. Daktari Wanja alinitazama nami nikamtazama.

Aliporudi alituambia. Maji yalianza kisimani, akasema, maji baridi, matamu, yakapanda ngazi, yakaingia nyumbani bila kulowesha kitu. Mikeka ikaelea. Vikombe vikatoka vidakani vyenyewe, vikaelea. Na Maryam alikuwa ameketi katikati, maji kifuani, nywele zimefumuliwa, akinywa kwa viganja. Akinywa, akinywa. "Nikamwambia, tosha, mwanangu. Akaniambia, bado, mama. Akanywa tena. Halafu akajipangusa mdomo, vile alivyokuwa akijipangusa akiwa mdogo, kwa mkono wote." Bi Khadija akatuonesha. Kisha akalia, na kilio hicho kilikuwa cha mtu aliyefiwa, basi, kilio cha kawaida ambacho kilikuwa kimechelewa mwaka na nusu.

Mngependa niishie hapo, najua. Daktari Wanja pia alidhani tumefika. Siku ya tatu tulikaa kwa mazungumzo, sisi watatu. Daktari akamuuliza kama kuna kitu chochote cha safari ile ya kwanza alichotaka kukisema.

Bi Khadija alinigeukia mimi.

"Kafuri ningeistahimili," akasema. "Ni sauti, sista. Nilikuwa nimefungwa mato, na hiyo sauti yako ikanijia sikioni. Ndiyo ile ile."

"Sauti ipi, Bi Khadija?"

"Iliyonambia nisimpe mai."

Nisomeni vizuri, wenzangu. Sikukumbuka. Nilirudi nyuma kichwani, nikatafuta. Ni kweli kwamba wakati ule wodi ya kina mama ilikuwa na upungufu, nami nilikuwa nikiitwa kusaidia. Nilitafuta uso wa Maryam, sauti yake, kitanda chake. Sikupata kitu. Bila shaka nilikuwa nimepita na kalamu yangu, nikasema "Usimpe maji" kama nilivyosema mara zisizo na hesabu, nikaenda kitanda kingine. Yeye aliishi ndani ya maneno hayo miezi yote hiyo, na mimi nilikuwa nikimletea vidonge.

"Ulinijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza kuya nyumbani kwangu. Nikasema, huyu ataniambia mwenyewe. Hukusema. Nikajua hujui."

Daktari Wanja hakunisaidia, na nashukuru hakunisaidia.

Nikamweleza yale niliyopaswa kumweleza siku ile. Kwamba mtu akilazwa usingizi na tumbo lina maji, maji yale yaweza kupanda yakaingia mapafuni yakamuua. Kwamba amri ilikuwa sahihi na yeye kwa kuitii hakumdhuru Maryam. Maryam aliuawa na kuvuja damu, si na kiu, na hiyo damu madaktari walipigana nayo wakashindwa. Kisha nikasema na lile jingine, maana nisingelisema ningekuwa mwongo. "Lakini ningeweza kukupa pamba. Pamba iliyochovywa maji, umpanguse midomo, umloweshe ulimi. Hiyo inaruhusiwa. Tunaijua wote. Ingechukua nusu dakika kukuambia, na sikukuambia."

Aliniangalia. "Pamba," akasema.

"Pamba."

"Basi angepata kidogo."

"Angepata kidogo."

Nikasema, "Pole, Bi Khadija." Mara moja tu. Daktari hakuihesabu.

Alinishika mkono, akaukamua mpaka pete ikaniumiza, tukalia wawili kama watoto. Sikusamehewa kwa maneno, na sikuomba. Wiki iliyofuata alikuja kwa mazungumzo, na iliyofuata pia. Tulizungumza juu ya Maryam akiwa hai. Tulizungumza juu ya unga. Siku moja Bi Rukia alinitumia mtu kuniambia kwamba tanuri limewashwa. Siku nyingine alikuja mwenyewe mbio, buibui linapepea, akanieleza mlangoni akitweta: alikuwa amemleta Amina kama kawaida, mtoto akaanguka kizingitini akalia, na Bi Khadija akamwokota kabla yeye hajamfikia. "Kamwokota tu, sista! Kama mtu aokotaye mwanawe!" Na hakumweka chini mpaka adhuhuri.

Baba alikuja baada ya Idi na begi tupu la nguo za mtoto. Alimkuta Amina amelala mgongoni mwa nyanyake, amefungwa kwa leso, na nyanya anabandika mikate. Alikaa siku tatu, akala mofa, akarudi Mombasa na begi lake tupu. Msidhani mambo yalikwisha. Zipo siku mpaka leo ambapo Bi Khadija hainuki. Lakini huzitaja kwa jina, husema "yeo ni siku mbaya," na Bi Rukia humchukua mtoto hadi jioni, na kesho yake tanuri huwaka.

Ninyi mliobaki, chumba kile ni chenu sasa. Kafuri msiweke kabatini, wekeni karafuu. Mgonjwa aje na leso zake. Ulizeni nia, na msiwe na haraka hata daktari akikohoa. Na popote mtakaposema "usimpe maji," iwe chumbani kwetu au wodini, semeni kwa nini, na mpeni pamba mkononi. Hilo la pamba nimelibandika ukutani kwa mwandiko wangu. Mkilibandua nitajua.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya hotuba na ile saa, nilikuwa chumba cha chini peke yangu nikipanga kabati. Nikasikia hodi. Bi Khadija aliingia na kapu la mofa, na nyuma yake Amina, sasa anatembea na kusema kila kitu, kashika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili. Kakijaza maji mpaka ukingoni. Alikuwa amekuja nacho hivyo tangu bombani, uani, hatua kwa hatua, nusu imemwagika kwenye gauni lake.

Alisimama mbele yangu, akamtazama nyanyake.

"Mpe sista," Bi Khadija akamwambia. "Mpe mai, anwe."

Nilipiga magoti, nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa yote.